Mkwe Asiyezomewa

Siku ya ubatizo wa binti yake wa pekee, Nunzio Petrella alimzomea padri. Mahubiri yalikuwa yameingia dakika ya arobaini, mechi ilikuwa inaanza saa saba mchana, na padri akasema, "Sasa tuje kwenye jambo la tano." Nunzio alikuwa amesimama mbele kabisa, mtoto mikononi. Akavuta pumzi, akatoa "Uuuuuu!" iliyotikisa vioo vya madirisha. Mama yangu, aliyekuwa benchi la nne, anaapa kwamba mtoto aliacha kulia ili asikilize. Padri naye alikuwa mzaliwa wa hapa hapa kusini mwa Filadelfia. Alikunja karatasi zake, akammwagia mtoto maji, akatupa baraka, na wanaume wote wakafika nyumbani kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Miaka ishirini baadaye padri huyo alipofariki, Nunzio alilizomea jeneza lake likishushwa kaburini, huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye tai.

Nayasema haya mapema ili usije ukamfikiria vibaya, kama walivyomfikiria watu wa St. Louis.

Nyumba yetu na ya Nunzio zinatumia ukuta mmoja, kama nyumba zote za mtaa wetu, na mimi nimekua nikimsikia. Nilipokwenda chuo na kulala bwenini, wiki ya kwanza sikupata usingizi kwa sababu ya ukimya. Ana miaka sitini na mbili, kifua kama pipa, goti la kushoto linalolia kama mlango mkuukuu, na kazi ya kutengeneza taa za barabarani. Timu yetu yoyote inapokaribia kombe, yeye na wenzake ndio wanaotumwa kuzipaka nguzo mafuta mazito ili watu wasizipande kwa furaha. Mwaka mmoja alipaka nguzo kumi na nane asubuhi, timu ikashinda, na jioni polisi wakamkuta ameikumbatia mojawapo, nusu mita kutoka ardhini, anateleza huku anapanda. "Naikagua kazi yangu," aliwaambia.

Anazomea kila anachokipenda. Wachezaji wa timu pinzani huwatukana, tena kwa ufundi, lakini kuzomea amewawekea wa kwake. Binti yake, Marisa, alizomewa alipoanguka na baiskeli, akazomewa aliposhindwa hesabu, na siku aliyohitimu uuguzi, jina lake liliposomwa, ukumbi mzima ulipiga makofi isipokuwa mtu mmoja. Marisa alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mkewe, Lorraine, siku zake za mwisho alizomewa akiwa kwenye kitanda cha hospitali, kwa sauti ya chini, kwa sababu alikataa kumaliza supu. Lorraine naye akamzomea, kwa pumzi kidogo aliyokuwa amebakiwa nayo.

Makofi Nunzio anayapiga kwa meya, kwa bendi ya polisi, na kwa rubani ndege ikitua. "Makofi ni ya wageni," husema. "Unampigia mtu makofi ukiwa hujali kama kesho atarudi."

Ndiyo maana mtaa mzima tulikuwa tumegundua jambo moja kuhusu Emmett Vogt, mchumba wa Marisa. Alikuwa amekuja kwenye nyumba ile kwa miezi minane, na hakuwa amezomewa hata mara moja.

Emmett alikuwa mhandisi wa madaraja kutoka St. Louis, mrefu, mpole kiasi kwamba akijigonga kwenye kiti hukiomba radhi. Yeye alidhani anapendwa. "Baba yako ni mstaarabu sana," alimwambia Marisa mbele yangu. "Watu wanamsema bure." Marisa aliangalia kucha zake.

Mwezi wa sita ikaja barua. Hospitali moja ya St. Louis ilimtaka Marisa kwenye wodi ya watoto walioungua, kazi aliyokuwa akiiota tangu mwaka wa pili wa chuo. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Barua ikabandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la glavu ya besiboli. Nunzio aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini ule mji kwa michezo ni wa hovyo."

Tangu siku hiyo hakuzungumzia hospitali tena. Alizungumzia mji upi Marekani ndio mji hasa wa michezo. Aliuzungumzia wakati wa kifungua kinywa, aliuzungumzia akiwa juu ya ngazi anabadilisha taa, na kila mmoja wetu alijua kwamba anachokizungumzia ni chumba cha Marisa, kile cha juu chenye pazia la njano, ambacho kingebaki kitupu.

Ijumaa alasiri tulikaa kwenye vipandio vya mlango wake, yeye, Emmett na mimi, kila mmoja na barafu yake ya limau kwenye kikombe cha karatasi.

"Haya, bwana mhandisi," alianza Nunzio. "Nitajie miji mitano ya michezo. Kwa mpangilio."

Emmett alifikiri kwa dhati kabisa, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. "St. Louis. Boston. Green Bay..."

"Simama hapo. Boston walikuwa watu wazuri walipokuwa wanalia. Walipoanza kushinda wakawa hawavumiliki. Green Bay siyo mji, ni ukoo mmoja wenye uwanja. Endelea."

"Chicago?"

"Chicago wana timu mbili za besiboli, na nusu ya mji hawajui kama ile nyingine ipo. Endelea, unanifurahisha."

"Los Angeles siitaji."

"Mungu akubariki. Wale wanafika mchezo ukiwa katikati, wanaondoka haujaisha, eti wakwepe foleni. Wanakuja kupumzisha magari."

"Lakini St. Louis, Bwana Petrella..."

"Bwana Petrella alikuwa baba yangu, naye yuko makaburini. Mimi Nunzio."

"Samahani. Kwetu watu wanaijua besiboli. Bibi yangu alikuwa akiandika kila mpigo kwenye daftari. Hata mchezaji wa wapinzani akifanya kitu kizuri, tunampigia makofi."

"Mnampigia makofi adui."

"Kwa heshima ya mchezo."

Nunzio alinigeukia kana kwamba mimi ni wakili wake. "Msomi, umemsikia? Halafu wanashangaa. Timu mbili za futiboli zimewakimbia hawa. Mbili! Mke akikuacha mara moja tunakuletea chakula. Akikuacha wa pili, tunaanza kukuuliza maswali."

Hapo sikuweza kunyamaza. Nimesoma mambo ya miji kwa miaka minne na yananichoma. "Hazikuwakimbia, Nunzio. Matajiri ndio waliozihamisha! Tajiri anautaka mji umjengee uwanja kwa kodi ya wafagiaji na wauguzi, mji ukisita kidogo anafungasha timu, na nyimbo, na kumbukumbu za watu, anakwenda kuziuza kwingine. Halafu sisi tunakaa hapa tunabishana mji upi ni bora, kama kuku wanaobishania nani ana mchinjaji mzuri!"

"Umemaliza?"

"Bado."

"Pumzika kwanza. Unadhani mimi sijui? Mimi tajiri namfanya nini? Sikumwajiri, siwezi kumfukuza, simu yangu hapokei. Nina mapafu tu. Sasa kwa nini unadhani nazomea? Wewe kaandike kitabu."

Nikarudi kwenye barafu yangu. Kitabu bado sijakiandika.

Emmett alijikohoza. "Lakini ninyi mlimzomea Baba Krismasi uwanjani. Mkampiga na mabonge ya theluji."

"Alikuwa amekonda!" Nunzio aliruka hadi barafu ikamwagika. "Suti imechakaa, ndevu zimening'inia! Ukija kama Baba Krismasi, njoo umeshiba!" Alisema kama mtu aliyekuwepo. Kila mzee wa hapa husema alikuwepo uwanjani siku ile, na ukiwahesabu wote, ule uwanja ungefika hadi New Jersey. "Swali la mwisho, bwana mdogo. Mji wenu umewahi kuzipaka nguzo za taa mafuta?"

"Kwa nini tufanye hivyo?"

"Basi tumemaliza."

Mlango ukafunguka nyuma yetu. Marisa alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare ya hospitali, mkono kiunoni kama mama yake.

"Baba. Mama yake Emmett anafika kesho asubuhi. Mchana tunakwenda wote uwanjani, St. Louis wanacheza na sisi. Jumapili anakula hapa. Nataka siku mbili."

"Siku mbili za nini?"

"Usizomee. Usitukane. Uwanjani, mezani, popote. Siku mbili tu."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa nitajua siwezi kuishi na watu wangu wote mahali pamoja, na nitajibu ile barua nikiwa najua hivyo."

Barafu ilikuwa inayeyuka ikipita katikati ya vidole vya Nunzio. Hakuifuta.

"Hata Lorraine hakuwahi kuniomba hivyo," alisema.

"Mama alikuwa anazomea kukushinda, Baba."

"Siku mbili," alisema Nunzio. "Haya."

Ardith Vogt alikuwa mwanamke mdogo wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa muziki, mwenye sweta nyekundu ya timu ya kwao. Rangi yetu nayo ni nyekundu, kwa hiyo alikaa katikati yetu kwa saa nzima bila mtu kugundua kwamba adui ameingia. Viti vya Nunzio viko juu kabisa, pale pale kwa miaka ishirini na mbili, na majirani zake wa viti wanamjua kuliko daktari wake. Nyuma yake hukaa Connie, dereva wa basi la shule, ambaye sauti yake inaweza kusimamisha gari lisilo na breki.

Mapema tu mchezaji wetu aliangusha mpira ambao hata shangazi yangu angeudaka akiwa anaongea na simu. Watu elfu arobaini wakazomea. Nunzio akajaa. Mabega yalipanda, shingo ikavimba, uso ukawa rangi ya nyanya. Mdomo haukufunguka. Pumzi ilimtoka puani kidogo kidogo, kwa mluzi, kama birika.

"Anaumwa?" Ardith aliniuliza.

"Ana ahadi," nikamwambia.

Alikaa katika hali hiyo kwa saa mbili. Alitafuna karanga na maganda yake. Mrushaji wetu alipowapa wapinzani pointi tatu za bure, Nunzio alisimama, akakaa, akasimama, akauliza nani anataka soda, akaenda, akarudi bila soda. Marisa alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, na kila alipomtazama, Nunzio alimwonyesha tabasamu la mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mchezo ukielekea mwisho, mpigaji wetu aliuchapa mpira ukaelekea nje ya uwanja kabisa. Tuliinuka wote. Ndipo kijana mmoja wa St. Louis akakimbia, akaruka, akapanda juu ya ukuta na kuudaka kwa ncha ya glavu. Ardith akasimama peke yake, akapiga makofi.

"Lazima mkubali!" alisema kwa furaha ya kweli. "Lilikuwa jambo zuri!"

Marisa akamwangalia baba yake. Emmett akamwangalia. Nunzio akainuka polepole, goti likalia, akanyoosha mikono mbele yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, naye akapiga makofi. Mara tatu. Yalitoa sauti kama ya samaki wanaodondoshwa mezani.

Safu yetu nzima ikageuka kumtazama.

"Nunzio!" Connie aliita kutoka nyuma. "Wewe! Umepata kiharusi?"

"Nimempigia makofi," alisema Nunzio bila kugeuka.

"Nani?"

"Yule pale."

"YULE?"

Connie akaanza. Kisha safu yake, kisha sehemu nzima ya juu, kisha watu wa chini ambao hawakujua kinachozomewa lakini kwetu hilo halijawahi kumzuia mtu. Maelfu walimzomea Nunzio Petrella. Alisimama katikati ya ile sauti, mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukatulia, kama mtu aliyerudi nyumbani akavua viatu.

Ardith alimshika Marisa mkono. "Mwanangu, tumtoe hapa! Watamdhuru!"

"Hapana, mama," Marisa alisema. "Wanampenda."

Alisema haraka, bila kufikiri. Kisha akabaki akiitazama mikono ya baba yake. Hakuutazama mchezo tena. Tulifungwa, kwa kumbukumbu tu.

Jumapili mchuzi wa nyanya ulianza kuchemka kabla ya misa, na mimi nilialikwa kama kila Jumapili. Mezani kulikuwa na tambi, vitonge vya nyama, mkate, na keki ya siagi inayonata ambayo Ardith alikuwa ameileta kwenye ndege akiipakata. Nunzio alikuwa amevaa shati jeupe. Alimvutia Ardith kiti. Alimuuliza kuhusu muziki. Alikula vipande viwili vya keki na kusema ni tamu sana, na kwamba St. Louis, kwa kusikia tu, ni mji wenye watu waungwana. Niliwahi kumwona akiwa na homa ya nyuzi arobaini na hakuonekana mgonjwa kiasi kile.

Emmett alifurahi. Marisa alikuwa akizungusha tambi kwenye uma na kuzizungusha tena.

"Baba," alisema mwishowe. "Nimeamua. Nakwenda. Tunakwenda wote wawili."

Kijiko cha mtu kiligusa sahani.

"Siyo kwa sababu ya mpira," Marisa aliendelea. "Wala siyo kwa sababu yako. Ulitimiza ahadi, nimekuona. Ni wale watoto. Hapa nimeomba nafasi kama hiyo miaka minne, sijaipata. Kule wananisubiri."

Nunzio aliweka uma chini. Akafuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja mara mbili. Nilidhani atasema jambo kuhusu nguzo za taa. Badala yake mikono yake ikapanda juu ya meza, akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa adabu, kama anavyompigia meya.

"Hongera," alisema. "Hongera sana, binti."

Ardith alifurahi mno, naye akaanza kupiga. Emmett akafuata. Ikawa makofi ya watu watatu katika chumba kidogo, na Marisa katikati, rangi inamtoka usoni.

"Baba, acha."

Nunzio hakuacha. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli la mchuzi.

"Baba! Acha makofi. Mimi siyo mgeni hapa."

"Siku mbili, ulisema," alijibu Nunzio. "Hazijaisha. Mimi mtu wa ahadi."

"Nimeifuta. Umesikia? Nimeifuta." Sauti yake ilikatika. "Usinipigie makofi. Nakuomba, Baba. Usinipigie makofi."

Mikono ya Nunzio ilibaki hewani, imeachana kidogo. Kisha kile kifua kikaanza kujaa. Nakifahamu tangu utotoni, lakini sikuwahi kukiona kikijaa namna ile, kikijaa mpaka vifungo vya shati vikageuka upande.

"Uuuuuuuuuuuuuu!"

Glasi ziligongana kabatini. Marisa alikuwa analia, anacheka, na katikati ya hayo akafungua mdomo akamzomea na yeye, kwa sauti ya Lorraine kabisa, hata mimi nikageuka kuangalia mlangoni. Ardith alikuwa ameishika keki yake kwa mikono miwili, tayari kukimbia nayo.

Nunzio akavuta pumzi nyingine. Sasa akamgeukia Emmett. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, huyu kijana mrefu anayeviomba radhi viti, anayemchukua mtoto wake na kumpeleka kwenye mji unaompigia makofi adui. Miezi minane yote ilikuwa kwenye yale macho. Akainama juu ya tambi mpaka pua zao zikakaribiana, na akamzomea. Ilikuwa ndefu kuliko ya Marisa. Ilikuwa ndefu kuliko ya padri.

Emmett hakusogea. Ilipokwisha, alininong'oneza huku jasho likimshuka, "Nimefanya nini?"

"Umeoa," nikamwambia.

Na upande wa pili wa ukuta mama yangu, ambaye hakujua lolote lililotokea, akagonga mara tatu kwa ngumi, naye akazomea.